Fomu ya Rumaisa Mliyonirudishia

Kutoka kwa Bibi Qamar Jahan Mohiuddin,
Mshenga,
Glendale Heights, Illinois.

Kwako Daktari Haugen,
Kliniki ya Tathmini ya Watoto, ghorofa ya pili.

YAH: KUKATALIWA KWA FOMU YA MJUKUU WANGU, PAMOJA NA PICHA

Daktari mpendwa na mheshimiwa,

Assalamu alaikum. Najua hiyo si salamu yenu, lakini ni dua ya amani, na ukishamaliza kusoma barua hii utaihitaji.

Mimi ni bibi yake Rumaisa, yule msichana wa miaka tisa aliyekuja kwenu na gauni la zambarau. Yeye huniita Dadi. Baba yake, Ghouse, ni mwanangu wa kumzaa. Mama yake, Sabiha, ni mkwe wangu, mfamasia, mtu wa kazi nyingi. Rumaisa akitoka shule saa tisa hukaa na mimi mpaka magharibi, ndiyo sababu ile fomu yenu ya maswali themanini na sita ilinifikia mimi. Kila swali lina visanduku vinne: Hajawahi, Mara chache, Mara nyingi, Kila mara. Niliijaza kwa siku mbili, kwa wino mweusi, bila kufuta hata mahali pamoja.

Mmeirudisha. Mmeandika mistari mitatu kwamba majibu yangu "hayafanani na taarifa nyingine tulizopokea", na kwamba nisipojaza upya kabla ya kikao chetu cha tarehe ishirini, tathmini haitakamilika. Shule nayo inasema bila tathmini hakuna mwalimu msaidizi wala chumba cha utulivu, na mtoto ataendelea kukaa kwenye darasa la watoto ishirini na wanane huku amejiziba masikio. Mwanangu hasemi nami. Mkwe wangu anasema nami, na hilo ndilo baya zaidi. Amenitamkia mezani, mbele ya dengu zangu za ukwaju: "Mama, mficha maradhi kifo humuumbua." Nikamjibu kwamba mtoto si maradhi. Akasema, "Ndivyo hata daktari anavyosema! Sasa mbona unaficha?" Jibu langu ni barua hii.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu kurudishiwa fomu. Kwa miaka thelathini na mmoja mimi ndiye mshenga wa watu wa Hyderabad waliohamia upande huu wa Chicago. Mshenga, si kuwadi. Kuna tofauti, na naomba izingatiwe. Nimeandika wasifu wa vijana mia mbili kumi na wanne na hakuna hata mmoja uliorudishwa. Kijana mwenye hasira nilimwandika "mwenye msimamo". Aliyefeli chuo mara tatu nilimwandika "mpenda elimu asiyechoka". Msichana aliyeweza kuunguza hata maji nilimwandika "msomi". Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanaosema hivyo hawajawahi kumtafutia mtu mchumba Illinois.

Basi nilipoletewa fomu inayouliza habari za mtoto wetu, niliijaza kwa ujuzi nilio nao. Usinielewe vibaya: Rumaisa ana miaka tisa, haozwi, na akitaka kuolewa atataka mwenyewe, akishakuwa na shahada yake ukutani. Lakini fomu ni fomu. Mliuliza kama mtoto huinuka kitini pasipo ruhusa. Nikaweka alama kwenye Hajawahi, na pembeni nikaandika: "Mchangamfu, mwepesi, hatanenepa." Mliuliza kama hulia ratiba ikibadilika. Hajawahi: "Mtu wa kutimiza ahadi." Mliuliza kama hukatiza watu maneno. Hajawahi: "Ana ufasaha." Mliuliza kama hupoteza vitu. Hajawahi: "Hana tamaa ya mali." Nikaambatisha picha yake ya Idi, urefu wake, na nasaba ya baba yake mpaka kwa babu aliyekuwa mhandisi wa maji wa mji mzima.

Picha nayo mmeirudisha, ndani ya bahasha ile ile, bila hata neno moja. Daktari, kwetu sisi picha ikirudi bila neno maana yake ni "hatumtaki", na hata watu wasio na haya husubiri kwanza wamalize chai.

2. Kuhusu maswali yenyewe. Yako themanini na sita, na hakuna hata moja linalouliza kama mtoto ana huruma, kama humtilia bibi yake maji ya kutawadha, kama humcheka mtu akianguka. Yote ni "je, hushindwa", "je, hukataa", "je, husumbua". Huo ni usengenyaji uliopigwa chapa. Sisi tumefundishwa kusitiriana aibu ili Mungu naye atusitiri. Ninyi mnatoa visanduku vya kuzifunulia, na kalamu juu yake.

Nilimpigia simu imamu wetu kuhusu jambo hili. Ni kijana, amesomea Texas, lakini tunamvumilia. Akaniambia, "Mama, kumweleza daktari hali ya mtoto si kusengenya. Wanazuoni wameruhusu." Nikamwambia mtoto haumwi. Akasema, "Sawa, basi ni kama kumweleza fundi hali ya gari." Nikamwambia mtoto si gari. Akauliza, "Mama, hebu niambie, unaogopa nini hasa?" Nikamwambia adhana inakaribia, nikakata simu. Ilikuwa saa nne asubuhi.

3. Kuhusu shahidi wa pili. Mlituma fomu nyingine kwa Ustadhi Sibghat, anayemfundisha Rumaisa Kurani siku za Jumamosi. Mimi nilimfuata mwenyewe na sahani ya sambusa, nikamwambia, "Mwanangu, andika kama mtu aliyeulizwa habari za posa." Akasema, "Inshaallah, Mama, nitaandika vizuri," akala sambusa kumi na moja, kisha akaandika ukweli.

Ameandika kwamba Rumaisa huinuka mara kumi na nne kwa saa. Alihesabu! Ameandika kwamba darasa likisoma kwa pamoja yeye huziba masikio na kulia. Ameandika kwamba akiwa kitini hakumbuki hata sura fupi, na akiingia chini ya meza husoma juzuu nzima bila kosa, kwa sauti iliyomfanya yeye mwalimu aweke kalamu chini asikilize. Sehemu hiyo niliisoma mara tatu, kwa sababu habari ya chini ya meza sikuwa nayo. Hata hivyo lalamiko ni lalamiko. Mtu akishakula sambusa kumi na moja anapaswa kusema uongo angalau mmoja. Ustadhi ana miaka thelathini na minne na hajaoa, sasa najua kwa nini, na faili lake nimelishusha droo ya chini kabisa.

4. Kuhusu lile mnaloliita "tukio la viatu". Sijui nani aliwapa habari hii, ingawa namshuku Sabiha. Kwa kuwa mmeshasikia upande mmoja, sikieni na wa pili.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, siku ambayo shule ilifungwa, hotuba ikiwa inaendelea, Rumaisa alitoka upande wetu wa wanawake akaenda ukumbi wa mbele, kwenye rafu za viatu. Pale alivipanga viatu vya wanaume, jozi zaidi ya mia tatu: vidogo kwenda vikubwa, vyeusi kwenda vyeupe, na kwa sababu aliona ndiyo haki, vya mguu wa kushoto ukuta wa kushoto, na vya mguu wa kulia ukuta wa kulia. Swala ilipokwisha waumini wakatoka na kubaki wamesimama na soksi. Walikuwapo madaktari wa upasuaji, wahandisi na madereva wa teksi, wote wanaruka kwa mguu mmoja.

"Jamani, nani kaniibia kiatu kimoja?"

"Una bahati wewe! Mimi ninavyo viwili, na vyote vya kushoto!"

"Astaghfirullah, huyu mwizi ana miguu mingapi?"

Bingwa mmoja wa magonjwa ya moyo alirudi hospitalini kwake na ndara za chooni, na nasikia alimtibu mtu hivyo hivyo. Mimi nilitoka upande wa wanawake nikamkuta Rumaisa katikati ya watu, kiatu mkononi, ana furaha kama ya siku ya Idi. Pembeni yangu alikuwapo Bibi Farhat, mwenyekiti wa akina mama, ambaye kinywa chake hakina mlango. Akauliza kwa sauti, "Lakini huyu mtoto ni wa nani?"

Nikasema simjui.

Nilifanya hivyo kumlinda, Daktari. Rumaisa alikuwa hatua mbili kutoka kwangu na alinisikia. Hakukasirika hata kidogo. Alidhani nimesahau. Akaja akanishika mkono, akanieleza polepole kwa adabu: "Dadi, mimi ni Rumaisa. Baba yangu ni Ghouse. Wewe unakaa nyumbani kwetu, chumba cha chini, karibu na mashine ya kufulia." Bibi Farhat alisikia yote mpaka mashine.

Sasa nauliza: hapo shida iko wapi? Mtoto aliyepanga viatu zaidi ya mia sita kwa muda wa hotuba moja, bila kulipwa, bila kusifiwa, ndiye mnayemwekea alama mbaya? Wale watu wazima walioshindwa kutafuta viatu vyao kwenye kuta mbili mbona hamkuwapa fomu?

5. Kuhusu siku mliyomwona. Wiki nzima nilimfundisha adabu za mbele ya wakubwa: ingia kwa salamu, tazama chini, jibu kwa neno moja, usiguse kitu. Alifanya yote. Ninyi mkaandika, "Hamtazami mtu machoni, hujibu kwa neno moja." Hiyo ni kazi yangu! Mmechukua jasho langu la siku saba mkaliita dalili. Kisha mkaandika kwamba alipopewa vibao vya rangi adabu zote zilimtoka, akavipanga dakika arobaini, na alipoambiwa muda umekwisha akalala sakafuni. Ni nani aliyewatuma mlete vibao?

6. Kuhusu neno lenyewe. Hapa nitasema wazi, maana nimechoka kuzunguka mbuyu. Mnasema mnaangalia kama ana usonji, au ile hali ya kutotulia, au vyote viwili, na mnalisema kwa sauti nzuri kabisa, kana kwamba mnataja mboga za sokoni. Mimi linanitetemesha. Mimi ndiye watu wanayempigia simu wakitaka kujua habari za familia fulani. Najua neno kama hilo linavyotembea, kwa sababu mimi mwenyewe nimelitembeza. Kulikuwa na msichana mmoja mzuri, mpole, mwenye shahada mbili. Nikaulizwa habari zake. Nikamsifu kwa robo saa, kisha nikapunguza sauti nikasema, "Ila mdogo wake ana kitu." Posa ikafia hapo hapo. Sikusema uongo, nilipunguza sauti tu. Yule msichana mpaka leo hunisalimia kwa heshima akinikuta kwenye duka la nyama, na mimi hujifanya nachagua mifupa. Naogopa watu wasije wakapunguza sauti wakifika kwenye jina la Rumaisa.

7. Lalamiko la saba nimelisahau, lakini lilikuwa zito.

Kwa sababu hizo zote, naomba kliniki yako tukufu ifanye mambo yafuatayo, na si lazima yote kwa siku moja:

(a) Ipokee fomu yangu kama ilivyo, na picha iwekwe juu.

(b) Iandike ripoti kwa lugha ya watu waungwana. Pale penye "ugumu wa kubadili shughuli", pasomeke "mwaminifu". Penye "hushindwa kutulia", pasomeke "hana uvivu". Penye "husumbuliwa na kelele", pasomeke "ametoka nyumba ya watu wasiopiga kelele", ingawa hilo si kweli, na unaweza kumwuliza jirani yetu yeyote.

(c) Itoe cheti kwamba Rumaisa amefanya tathmini na amefaulu. Kiwe na muhuri wa dhahabu. Fremu nitanunua mwenyewe.

(d) Ikishindikana, basi wapimwe watoto wote wa msikiti wetu siku moja, wote mia nne, ili pasiwe na wa kwanza. Orodha ninayo. Mnaweza kuanza na mjukuu wa Bibi Farhat, ambaye hulamba madirisha ya gari. Simsengenyi, natoa maelekezo.

(e) Na hilo nalo likishindikana, tarehe ishirini isogezwe mbele kwa miaka kumi na mitano, Rumaisa akishamaliza chuo, wakati ambapo neno lolote mtakalosema halitakuwa na pa kumdhuru.

Nimalizie kwa kukuombea heri. Nisalimie yule binti wa mapokezi mwenye mafua. Mwambie atumie tangawizi na asali, na kama hajaolewa aniandikie. Nisalimie na mlinzi wa chini aliyenishikia lifti, na mama yako mzazi kama yu hai, na kila anayekula mkate pamoja nawe. Nina imani kwamba ukisoma barua hii kwa utulivu utaona haki iko upande gani.

Wako mwenye kujenga nyumba za watu,

Bibi Qamar Jahan Mohiuddin

Tanbihi: Bahasha hii ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Leo baada ya alasiri nilipeleka nguo safi chumbani kwa Rumaisa, nikakuta nusu ya kabati ni tupu. Nguo zake zote zimebanwa upande mmoja. Upande wa pili zinaning'inia henga saba zisizo na kitu, na juu yake kuna karatasi iliyobandikwa, imeandikwa kwa mwandiko wake mnyoofu: RUMAISA MWINGINE.

Nikamwuliza ni nani huyo. Akaniambia ni yule msichana wa kwenye fomu. Alikuwa ameisoma pale mezani nilipoiacha, maswali yote themanini na sita na maneno yangu ya pembeni. "Huyo halii, hapotezi vitu, hakatizi watu maneno," akasema. "Jina letu ni moja na bibi yetu ni mmoja. Atafika lini, Dadi? Kama ana nguo nyingi, mimi naweza kuhamia kabati la koridoni. Makoti matatu tu ya Baba ndiyo yaliyomo mle."

Nikamwambia hakuna mtu anayekuja. Akafikiri. Hakuwa na huzuni, Daktari, na hilo ndilo lililonivunja. Alikuwa anapanga mambo tu, kama mtu anayemtengenezea mgeni nafasi. Akasema, "Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyemwandika. Tena kwa wino."

Nililia. Aliniletea tishu, akakaa mbali kidogo akinisubiri nimalize. Kisha nikachukua fomu mpya mliyonitumia, tukaketi naye mezani, yeye akisoma maswali na mimi nikiweka alama. Nilipoweka Mara chache, alinigonga mkono: "Dadi, hapana. Jana, juzi, na Jumatatu mara mbili." Kwenye lile swali la kupoteza vitu alikwenda kutafuta miwani yake alisome vizuri, akarudi bila miwani na bila kiatu kimoja, tukacheka mpaka Sabiha akashuka kuja kuona kuna nini. Alipoona tunachojaza alinibusu kichwani, kisha akatia dengu kwenye sahani mbili. Tulimaliza maswali yote, na palipohitajika kueleza nimeeleza. Nilipunguza sauti mara moja tu, na Rumaisa akaniambia hasikii.

Fomu imo humu ndani. Malalamiko namba moja mpaka sita yafuteni, na lile la saba nikilikumbuka nitalifuta mwenyewe. Picha sijaweka. Tarehe ishirini tutakuja wote wanne. Naomba mtuandikie saa kamili na dakika zake, msiandike "asubuhi", na kiwe chumba kile kile, kiti kile kile, na daktari yule yule. Mkimbadilishia, atalia. Kila mara.